Magamba Kumi na Sita

Jumatatu, 3 Juni 2024

Ripoti ishirini na tatu mezani, na alama zinatakiwa mwisho wa mwezi. Nimeanza na iliyo nyembamba kuliko zote, kama kawaida yangu, ili nijidanganye kwamba mzigo umepungua.

Ukurasa wa 14 nimekwama. Kijana anaeleza shairi la kimapokeo: "Kila aya ina foleni nne na kila foleni ina magamba kumi na sita." Nimesoma mara tatu. Nimevua miwani, nimeifuta, nimeivaa tena. Magamba yako palepale.

Ilinichukua muda kung'amua. Mtu kachukua maandishi ya Kiswahili, kayapitisha kwenye programu ya kutafsiri yakawa Kiingereza, halafu kayarudisha Kiswahili. Huko njiani mishororo ikageuka foleni ya benki. Na mizani, kwa kuwa Waingereza wana neno moja la mizani ya dukani na magamba ya samaki, imerudi kwetu inanuka soko la Feri. Beti zimekuwa aya, kiitikio kimekuwa kwaya, fasihi simulizi imekuwa "fasihi ya kinywa", utadhani ni dawa ya meno.

Ripoti ya ule mtambo wa kukagua ulinganifu imebanwa nyuma kwa pini: asilimia 11. Mwisho wetu ni 20. Kwa mtambo, kijana amefaulu.

Nimecheka peke yangu mpaka jirani wa ofisi akagonga ukuta. Kisha nikafika ukurasa wa 19, kicheko kikakatika. Pale anazungumzia nyimbo za ngoma, jinsi manju anavyokata kiitikio kabla ya neno la mwisho ili waitikiaji walimalizie wenyewe. Anasema neno hilo huachwa "kama mlango ulioshindwa".

Mlango hauwezi kushindwa. Mlango unashindikwa: unarudishwa bila kukazwa komeo, anayejua asukume. Maneno hayo niliyasikia Pangani, nimekaa kwenye mkeka, mwaka 1996. Sijapata kuyasikia kwingine.


Jumatano, 5 Juni

Leo nimesoma kazi ya binti wa Bagamoyo. Asilimia 27, juu ya kiwango, na fomu inanitaka nimrudishie bila kusoma. Nimesoma. Mtambo umempaka rangi kila mahali: nyimbo alizozinukuu ndani ya alama za mtajo, na ukurasa wazi kabisa; orodha nzima ya marejeleo; vichwa vya sura; na Tamko.

Hilo la Tamko linanichekesha kila mwaka. Ukurasa ule ambao mwanafunzi anaapa kwamba kazi hii ni yake mwenyewe na haijapata kuwasilishwa kokote, ndio ukurasa pekee ambao wote ishirini na tatu wamenakili neno kwa neno, nukta kwa nukta, na sisi ndio tuliowapa.

Huyu wa 27 hajaiba hata koma. Yule wa 11 ameiba sura nzima. Mtambo unatafuta maneno yanayofanana, basi. Haujui alama za mtajo zina kazi gani, wala haujui aibu. Lakini tumeupa kazi ya hakimu kwa sababu namba haibishani na mtu, na mkuu wa idara anapenda namba.


Jumamosi, 8 Juni

Nimeteremsha sanduku la juu ya kabati. Vumbi la miaka. Tasnifu yangu ya uzamili, 1997, jalada jeusi, herufi za dhahabu zimeanza kuchubuka. Ukurasa wa 63: "Kwa mujibu wa Mtoa Taarifa 4, neno la mwisho huachwa kama mlango ulioshindikwa."

Kwa hiyo nimeibiwa mimi. Nilijisikia vibaya na, nisiseme uongo ndani ya daftari langu mwenyewe, nilifurahi kidogo. Mtu haibiwi kisichokuwa na thamani.

Kisha nikafungua Kiambatisho B kumtafuta huyo Nne ni nani. "4. Mwanamke. Umri: 60–65. Pangani. Kazi: mkulima."

Mkulima! Alikuwa manju. Watu walikuwa wanakuja kumchukua kwa jahazi akaimbe harusini. Kwenye dodoso langu palikuwa na visanduku vya mkulima, mvuvi, mfanyabiashara na mtumishi wa serikali. Manju hakuwa na kisanduku, nami nikampeleka shamba.

Jina halipo. Nimepekua kurasa za shukrani: nimemshukuru msimamizi, mfadhili, mchapaji, na "wote walionisaidia ambao siwezi kuwataja mmoja mmoja". Nimekaa sakafuni na tasnifu mapajani nikijaribu kulikumbuka. Nakumbuka kanga yake ya rangi ya kahawia, nakumbuka alivyokuwa anakohoa kabla ya kuanza kuimba. Jina sina.


Jumanne, 11 Juni

Kijana amekuja. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba baba, kaa."

Nilimuuliza magamba ni nini. Akajibu bila wasiwasi kuwa ni kipimo cha shairi. Nikamuuliza samaki ana mizani mingapi. Alinitazama, akautazama ukurasa, nikaona damu inamshuka usoni.

Hakukana. Alisema jambo ambalo bado linanizunguka kichwani: "Mwalimu, si mlitufundisha tusinakili, tuweke kwa maneno yetu? Mimi nilibadilisha maneno yote."

Yote kweli. Hakuacha hata moja. Ameelewa kwamba wizi uko kwenye maneno, hivyo ukishayabadilisha umeoga. Nani kamwelewesha hivyo? Muhula wa kwanza tunawapa kipindi kimoja cha saa mbili juu ya marejeleo. Saa nzima inaishia kwenye mabano, nukta na herufi za mlazo. Hatuwaambii kwamba wazo likibadilishwa nguo bado lina mwenyewe. Wala hatuwaonyeshi jinsi ya kuandika notisi: maneno ya mtu uyafunge kwenye alama za mtajo palepale unapoyanakili, na namba ya ukurasa papo hapo, kabla ya chai, kwa sababu baada ya wiki mbili hutajua tena lipi lako na lipi lake. Nusu ya wizi ninaouona unaanzia kwenye daftari chafu.

Na kichekesho ni kwamba yale magamba yake kumi na sita hayakuhitaji kurejelewa kokote. Kwamba shairi la kimapokeo lina mishororo minne kwa ubeti na mizani kumi na sita kwa mshororo, hayo ni maarifa ya wote, kila aliyepita kidato cha nne anayajua. Angeandika tu kwa Kiswahili chake, asingedaiwa na mtu. Kaiba maji ya bahari.

Nikamuuliza la mlango kalitoa wapi. Kwenye notisi, akasema, zilirushwa kwenye kundi la darasa, faili lisilo na jina. "Haina mwenyewe, mwalimu."

Sikumwambia mwenyewe ni nani. Nilitaka kusema "mimi", neno likanikwama kooni. Si langu.


Alhamisi, 13 Juni

Nimekaa na binti wa Bagamoyo juu ya marejeleo yake. Anaandika kuhusu nyimbo za jando na unyago, na kila baada ya kurasa mbili: "Velten (1903) anasema…"

Nikamuuliza, Velten ndiye anayesema? Akanionyesha katalogi ya maktaba. Ni kweli, kitabu kimeorodheshwa hivyo: *Desturi za Wasuaheli*, Göttingen, 1903, C. Velten. Lakini aliyesema, sehemu kubwa kabisa ya kitabu kile, ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, huko huko Bagamoyo kwao binti huyu, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili na akafia huko 1927. Velten alikusanya na kuhariri. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen iliyotoka 1981 ndiyo iliyomrudisha Mtoro kwenye ukurasa wa jina. Miaka 78.

Binti kafurahi mno. "Kumbe wa kwetu!" Halafu akauliza swali la mtahini: sasa nimwandikeje? Tukahangaika nusu saa. Mtindo wetu unataka jina la ukoo kwanza. "Bakari, M. (1903)"? Bakari ni baba yake, tutakuwa tumempa baba kazi ya mwana. Ndiyo hayohayo ya "Robert, S. (1951)" kwa *Kusadikika*: kila mwaka Robert mzee anatunukiwa vitabu vya Shaaban. Mtindo huu wa jina na mwaka kwenye mabano hufuatiliwa hadi kwa Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa Harvard, kwenye makala yake ya 1881 kuhusu konokono asiye na nyumba. Alikuwa na wanyama wake kichwani na wenzake wenye majina ya ukoo. Kina bin hakuwajua.

Tumeafikiana: "Mtoro bin Mwinyi Bakari", jina zima bila kulipindua, na Velten kama mhariri. Wakimuuliza, aseme ni mimi.

Alipokuwa anaondoka akatoa la pili. Bibi anayemhoji, somo wa unyago, amegoma kutia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Fomu inasema: jina lako halitatajwa. Bibi kauliza, "Kwani nimefanya kosa gani nifichwe jina?"


Jumatatu, 17 Juni. Tanga, Idi

Nyumbani kwa kaka. Nyama, watoto, kelele, umeme umekatika mara mbili. Jioni tumekaa barazani, nikamsimulia habari ya kijana na magamba. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Kaka anasomesha chuo cha Kurani, na kila jambo kwake lina hadithi ya Mtume. Akasema, nyinyi wa chuo kikuu mmeanza juzi. Mtoto wangu wa miaka kumi akinisomea hadithi bila isnadi simsikilizi: kasimulia nani, kutoka kwa nani, aliyesikia kwa nani. Akanieleza sharti la Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, ambalo nilipata kulisikia utotoni nikalisahau. Haikumtosha kwamba watu wawili waliishi zama moja. Alitaka ithibiti kuwa walikutana. Muslim, mwanafunzi wake, hakukaza kiasi hicho.

Nimelipenda hilo la kukutana. Wanafunzi wangu wanarejelea vitabu ambavyo hawajapata kuvishika. Wamekuta jina ndani ya kitabu cha mwingine, wakaliruka la katikati na kumtaja wa juu, kana kwamba walikaa naye. Huwa nawategea: jalada lake lina rangi gani? Kumbe nilikuwa natumia sharti la Bukhari bila kujua, nami ni mwizi wa sharti.

Nikaihesabu isnadi ya kijana wangu. Kasikia kwenye faili la kundi. Faili limechukua kwa mtu asiyejulikana. Asiyejulikana kachukua kwangu. Mimi kwa Namba 4. Namba 4 kwa nani? Nakumbuka aliniambia. Alimtaja mtu, shangazi au mama mdogo, aliyemfundisha kushindika neno. Sikuandika. Lilikuwa nje ya maswali ya dodoso.

Nikamwambia kaka kwamba sikumbuki jina lake. Alinyamaza kidogo, akasema ana rafiki Pangani anayeuza madafu karibu na kivuko. Atauliza.


Alhamisi, 20 Juni. Dar

Kazi ya kumi na sita. Marejeleo mazuri, yamepangwa kwa herufi, nukta zote mahali pake. Namba 22 ni mimi. Makala yangu ya mwaka 2011, kurasa 45 hadi 61, kuhusu majazi katika tamthilia.

Sijapata kuandika makala hiyo. Jarida lipo, juzuu ipo, kurasa zipo, na ndani ya kurasa hizo kuna watu wengine kabisa wanazungumzia fonolojia. Nimetafuta na wengine: kati ya marejeleo thelathini na moja, tisa hayana makala popote duniani. Ni akili mnemba. Ikiombwa marejeleo haikosi cha kutoa. Inatunga yanayofanana na ya kweli, yenye majina ya watu wa kweli, kwa adabu zote.

Kwa Kilatini *plagiarius* alikuwa mtekaji wa watu, mwenye kuiba mtoto au mtumwa wa mwingine. Martial, mshairi wa Roma wa karne ya kwanza, ndiye aliyelielekeza neno hilo kwa mtu aliyekuwa akisoma mashairi ya Martial hadharani kana kwamba ni yake mwenyewe. Mtoto katekwa, hilo naelewa pa kulishtaki. Lakini hili la leo ni kinyume chake: nimeletewa mlangoni mtoto nisiyemzaa, kaandikwa jina langu kwenye paji la uso. Nimshtaki nani? Na makala yenyewe, kwa kichwa chake, ni nzuri. Ningependa kuisoma.


Ijumaa, 28 Juni

Kikao cha idara, saa tatu na nusu kwa shauri la kijana mmoja. Wengine walitaka afukuzwe, liwe fundisho. Mmoja alitetea asilimia 11 kama wakili. Imeamuliwa aandike upya, na akifaulu alama isipite ya chini ya kufaulu. Nadhani ni haki.

Nilisoma kwa sauti sentensi ya mlango, ya kwake na ya asili, ziwe ushahidi. Mwenyekiti akauliza, "Hii ya asili ni ya nani?" Nikasema, ni ya tasnifu yangu, ukurasa wa 63. Wote wakanitazama kwa huruma, kama mfiwa.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sekunde tatu, nne. Sikusema.

La bibi wa Bagamoyo limekwenda vizuri zaidi kuliko nilivyotegemea. Usiri wa jina uliwekwa kumlinda mtu asidhurike kwa aliyoyasema: mgonjwa, mfanyakazi anayemlalamikia bosi, mwanamke aliyepigwa. Anayefundisha fani yake hasemi siri zake, anafundisha. Wamekubali fomu iwe na kisanduku cha pili: nataka jina langu litajwe. Kilichobaki ni orodha. Mwongozo wa APA tunaoufuata, toleo la 7, hauyaingizi mahojiano ya mtafiti kwenye marejeleo kwa hoja kwamba msomaji hawezi kuyafuata. Jirani yangu wa ofisi akauliza kwa nini asiweze, Bagamoyo si kuna basi? Kicheko. Binti ameruhusiwa orodha ya pili, "Mabingwa wa Simulizi", baada ya ile ya vitabu. Nilitaka iwe moja. Nimeshindwa kwa kura.


Jumapili, 7 Julai. Sabasaba

Jiji lote liko Barabara ya Kilwa kwenye maonyesho. Nimebaki ndani, alama zimekwisha.

Saa nne asubuhi simu ngeni. Mwanamke, sauti nzito, lafudhi ya kule. "Wewe ndiye unayemuulizia mama?" Muuza madafu kamfikia mwanawe wa kike, naye kakopa simu ya jirani.

Nikajieleza, mwanafunzi wa chuo, 1996, mkeka, dodoso. Akanikatiza: "Wewe ndiye binti wa kanda?"

Nikasema kanda gani. Akasema, mama alifariki 2009, na mpaka anaugua alikuwa akiuliza: yule binti wa kanda hajarudi? Nilimwahidi. Niliondoka na kanda ya kaseti yenye sauti yake, nikasema nikishanakili nitairudisha, aisikilize na wajukuu.

Nilimwomba jina la mama yake. Alinitajia lote, majina matatu na la utani, polepole, akiningoja niandike, kama vile anamwandikisha mtoto shule. Kisha akaongeza bila kuulizwa: "Na aliyemfundisha ni mama yake mdogo, wa Mkwaja." Nikamwomba arudie. Akarudia. Nimeyaandika kwa wino kwenye ukurasa wa 63, pembeni, na kwenye Kiambatisho B nimekata neno mkulima. Nakala ya maktaba bado inasema Nne. Kesho nitamuuliza mkutubi kama inaruhusiwa kubandika karatasi ya masahihisho ndani ya tasnifu ya miaka ishirini na saba.

Hakuniuliza nilichoandika kuhusu mama yake. Aliuliza mara mbili tu kuhusu kanda.

Ipo. Ilikuwa chini ya sanduku lile lile, ndani ya mfuko wa rambo, utepe umelegea upande mmoja. Sina redio ya kuichezea, na naogopa kuigusa isije ikakatika. Kariakoo kuna fundi anayehamisha kaseti kwenda kwenye flashi. Anafungua saa tatu. Huko Pangani wana simu ya jirani tu, kwa hiyo flashi haitawafaa kitu. Itabidi nipeleke na kitu cha kuchezea, na niipeleke mwenyewe.